Gari Lililovuta Kushoto

Saa tatu na robo asubuhi Sajini alikuwa amesimama ndani ya shimo la gereji, gari la mkunga likiwa juu ya kichwa chake, na kitu alichokiona karibu na tairi la mbele la kushoto kilimfanya aache kumumunya pipi.

"Fundi, lete tochi."

"Unayo mkononi, afande."

"Basi lete macho."

Fundi akashuka shimoni. Wateja wake walimwita Redio, maana alikuwa akiwashwa asubuhi hazimiki mpaka jioni. Akasogea, akakodoa. Mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu, ulikuwa na kovu refu linalong'aa.

"Kuna mtu alitaka kuukata," Sajini akasema. Kalamu ilikuwa imeshatoka mfukoni.

"Kukata wapi? Mtu akikata, anakata. Huu umelambwa." Redio akapitisha kidole. "Tairi limeulamba. Angalia na hapa kwenye bodi, pia limelamba. Sasa nenda upande wa kulia."

Sajini akaenda upande wa kulia. Mpira wa kule ulikuwa mweusi, umejaa vumbi, hauna hata mkwaruzo. Akafuta neno "hujuma" alilokuwa ameanza kuliandika, akaandika "limelamba, kushoto tu", akapiga picha mbili.

"Tairi linafikaje huku nyuma wakati limefungwa?" akauliza.

"Hilo swali zuri. Hata mimi najiuliza."

Swali lilikuwa zuri, lakini muda haukuwa mzuri. Ilikuwa Ijumaa. Saa kumi kamili jioni jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka, na kosa lililoandikwa juu yake lilikuwa kujaribu kuua. Likifika kule hivyo lilivyo, mkunga, mjane wa miaka hamsini na nane aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa wake, angepelekwa mahabusu ya gereza kusubiri kesi, na kesi za namna hiyo husubiriwa mpaka mtu anasahau rangi ya mlango wa nyumba yake.

Jambo lenyewe lilionekana jepesi. Jumatano jioni mkunga alikuwa anarudi nyumbani na gari lake kuukuu, alilolinunua wiki sita nyuma. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amesimama getini kwake, upande wa kushoto wa barabara. Gari likaacha njia, likamvunja mguu, likaishia kwenye rundo la mchanga. Mkunga alisema paka alikatiza, akakanyaga breki, gari likamvuta. Shemeji mtu alisema alikusudiwa. Na siku mbili kabla, Jumatatu, wakigombana kuhusu mfereji wa maji ya mvua, mkunga alikuwa amemwambia mbele za watu, "Endelea tu, ipo siku nitakukanyaga kama mende."

Mashahidi watatu walikuwa wamelisikia neno hilo. Wa nne alijileta mwenyewe kituoni bila kuitwa. Upande wa mkunga alikuwepo paka, na paka hajafika kutoa maelezo.

"Mkaguzi wa magari aliandika kwamba breki nzima, usukani mzima, hakuna hitilafu," Sajini akasema.

"Alilijaribu wapi?"

"Uwanjani kituoni. Alizunguka mara mbili."

"Kwa mwendo gani?"

"Wa kusindikiza maiti."

"Ehee." Redio akapanda juu, akalitikisa lile gurudumu. Gari lilikuwa limeinuliwa na jeki, magurudumu ya mbele yakining'inia. Akatikisa juu na chini, akatikisa kushoto na kulia. Halikucheza hata kidogo. "Umeona? Likiwa hewani ni malaika. Ngoja tulishushe chini, tuone tabia yake likibeba mzigo."

Akalishusha. Gari likakaa kwa uzito wake juu ya shimo. Redio akarudi chini na mtaimbo, akautia nyuma ya ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini, akasukuma. Mkono ukaruka kwenda nyuma karibu upana wa vidole viwili, na juu kule tairi likageuka lenyewe, likatazama nje, kushoto.

Wote wawili wakanyamaza. Kwa Redio hilo lilikuwa tukio.

"Rudia," Sajini akasema.

Akarudia. Tairi likageuka tena.

"Kwa hiyo ukikanyaga breki..."

"Barabara inasukuma tairi nyuma, mkono unarudi, tairi linakata kona peke yake. Dereva anaweza kuwa anasali wakati huo, gari lina safari yake."

"Usifungue kitu," Sajini akasema. "Bado."

Nyuma ya ghala la jirani kulikuwa na uwanja wa udongo mgumu, unaotumiwa na malori kugeuzia. Sajini akaazima chokaa, akachora mstari ulionyooka wa mita arobaini, akasimamisha kopo mahali pa kuanza breki. Redio akaenda kusimama pembeni, mikono kiunoni, kama mwamuzi.

"Umesimama upande gani?" Sajini akamuuliza dirishani.

"Kushoto."

"Una watoto wangapi?"

Redio akahamia kulia.

Mara ya kwanza akaenda taratibu, akakanyaga breki polepole. Gari likasimama juu ya mstari kwa adabu zote. Mara ya pili akaenda mwendo wa arobaini, akafika kwenye kopo, akaachia usukani, akakanyaga kwa nguvu. Gari likainamisha pua na kukimbilia kushoto kama mbuzi aliyeona mlango wazi. Liliposimama, Sajini alikuwa amelalia mlango na kofia yake iko miguuni.

Wakapima kwa futi ya kamba. Mita mbili na nusu. Akarudia mara mbili zaidi, mita mbili na sentimita arobaini, kisha mbili na sitini. Kila mara picha, kila mara saa, na Redio akatia sahihi yake, ambayo ilikuwa ndefu kama mazungumzo yake.

Sajini akampigia Mkuu wa kituo.

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. "Sajini, gari limemgonga mtu, likapanda mchanga. Halafu unashangaa limelegea? Mwendesha mashtaka ataniuliza swali moja tu, nionyesheni kwamba lilikuwa bovu kabla ya Jumatano. Unalo jibu?"

"Nalitafuta, mkuu."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tano."

"Basi litafute haraka."

Wakarudi gereji. Sasa Sajini akaruhusu spana. Bolti ya kwanza ilitoka kwa kubembelezwa, ya pili kwa nyundo na maneno ambayo hayakuandikwa kwenye ripoti. Mkono wa chini ukatoka. Mwishoni mwake, mahali ambapo huwa pana bushi, yaani ile pete nene ya mpira inayokaa kati ya chuma na chuma, kitu fulani kikaning'inia kwa uzi, kikadondoka kiganjani mwa Sajini.

"Mama yangu," Redio akasema. "Hiki nini?"

Kilikuwa kipande cha tairi kuukuu. Mtu alikuwa amekata ukanda, akauzungusha kwenye bomba la chuma, akaubana ukawa kama bushi. Upande mmoja meno ya tairi bado yalionekana. Katikati ulikuwa umechanika kabisa.

"Najua huyu," Redio akaanza, na sauti ikapanda. "Huyu ni Profesa, yule mwenye gereji ng'ambo ya barabara. Kazi zake hizi! Mwaka jana alimfungia mtu shokapu kichwa chini. Nakwambia afande, twende sasa hivi, mimi nitakuwa shahidi, hata mke wangu atakuwa shahidi."

"Profesa anashona?"

"Anashona nini?"

Sajini akamwonyesha. Pale ncha mbili za ukanda zilipokutana palikuwa na mshono. Nukta ndogo zilizopangana sawasawa, uzi mnene uliopakwa nta, fundo limefichwa ndani lisikwaruze. Ukingo wa mpira ulikuwa umepunguzwa kwa kisu, umelazwa mteremko ili ncha zikae bila uvimbe. Akanusa. Chini ya harufu ya grisi kulikuwa na harufu nyingine, kali na tamu kidogo.

"Nusa."

Redio akanusa. "Gundi."

"Gundi gani?"

"Ya... ya viatu?"

"Wewe ukitaka kuzuia mpira usicheze, unafanyaje?"

"Napiga nyundo."

"Profesa?"

"Nyundo kubwa zaidi."

"Basi mwache Profesa anywe chai yake. Fundi gereji anapiga, anabana, anachomelea. Huyu amekata, amepunguza ukingo, amepaka gundi, ameshona na kuficha fundo. Huyu hakuwa anatengeneza gari, fundi. Alikuwa anaweka soli."

Redio akamtazama, kisha akakitazama kile kipande kwa heshima mpya. "Lakini mshono mzuri, tuseme ukweli."

"Mzuri sana. Sasa angalia hapa palipochanika." Akaelekeza tochi. Ndani ya mpasuko vumbi na grisi vilikuwa vimeshindiliana vikawa kama lami, na uzi uliokatika ulikuwa umeoza, wa kahawia. "Hii ni ya juzi?"

"Juzi wapi. Hii ina miezi. Na tairi lenyewe limeliwa upande wa ndani, kipara kabisa. Tairi haliliwi hivyo kwa siku moja."

"Sema hivyo hivyo, polepole, nikiandika."

Redio kusema polepole ilichukua muda.

Halafu Sajini akapiga simu kituoni, akaomba apewe mkunga. Sauti iliyokuja haikuwa ya mtu aliyelala vizuri, lakini ilikuwa ya mtu aliyezoea kuamrisha watu wenye maumivu.

"Afande, nakusikiliza. Sema."

"Dada, pole. Gari ulinunua kwa nani?"

"Kwa mzee mmoja, mpole, anakaa karibu na soko la nguo. Yeye alikuwa nalo miaka saba."

"Tangu ulinunue, limepelekwa kwa fundi yeyote?"

"Nimeweka mafuta tu, na upepo. Kwani nilikuwa na muda? Watoto hawazaliwi kwa ratiba."

"Siku ya kununua, mzee alikwambia nini kuhusu gari?"

"Alisema ni zima. Akaniambia betri ipo sawa." Akafikiri. "Halafu akasema breki niibembeleze, nisiikanyage ghafla."

"Neno lake ni hilo, kubembeleza?"

"Hilo hilo. Nilikasirika kidogo, nisikufiche. Hawa wanaume, mwanamke akishika usukani tu, kila mmoja anakuwa mwalimu. Nikamwambia asante baba, nikaondoka zangu."

Sajini akaandika neno "ibembeleze", akalipigia mstari. "Na mzee huyo anafanya kazi gani?"

"Ni mshona viatu. Kwani vipi?"

"Hakuna dada. Kula chakula wakikuletea."

Meza ya mshona viatu ilikuwa barazani, mbele ya duka la vifungo, viatu vimening'inizwa kwa kamba zake kama samaki waliovuliwa. Mzee mwenyewe alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi na aproni ya ngozi. Hakumtazama Sajini usoni. Alitazama viatu vyake.

"Kisigino cha kulia kinakwisha, afande. Unaegemea upande. Kaa nikuwekee."

"Shikamoo, mzee. Leo nimekuja na kiatu kingine." Akatoa kile kipande kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka mezani.

Uso wa mzee ukachanua. "Lo! Bado ipo! Nilijua. Nilimwambia mke wangu, ile haitoki. Umeona ule mshono?"

"Nimeuona. Ni wewe uliyeushona?"

"Nani mwingine?"

"Lini, mzee?"

"Kabla ya mvua. Miezi minne, mitano. Bushi ilikuwa imekufa, inagonga kila shimo. Nikafikiri, mpira ni mpira. Kiatu kinambeba mtu wa kilo mia mwaka mzima, kwenye mawe, hakilalamiki."

"Gari lina kilo elfu moja."

"Ndiyo, lakini lina miguu minne."

Sajini akashusha macho kwenye daftari mpaka mdomo wake uliponyooka. "Ulipokuwa unakaza bolti, gari lilikuwa chini au juu ya jeki?"

"Juu ya jeki. Sasa ningefikaje?"

"Na baada ya hapo, lilikuwa linavuta?"

"Kidogo. Kushoto. Ukiikanyaga breki kwa hasira. Mimi sina hasira, kwa hiyo tuliishi vizuri."

"Ulimwambia aliyelinunua?"

"Nilimwambia. Nilisema, mama, breki yake usiikanyage ghafla, ibembeleze." Kwa mara ya kwanza mzee akamtazama Sajini usoni, kisha akatazama kofia yake, kisha mpasuko katikati ya kazi yake. Mkono wake ukatafuta ukingo wa meza. "Afande. Yule mama amepatwa na nini?"

Sajini akamwambia, bila kuzungusha. Mguu wa shemeji, selo, saa kumi.

Mzee akavua miwani. "Nilifikiri ni imara," akasema. "Wallahi nilifikiri nimeifanya imara kuliko ya dukani."

"Najua. Ungekuwa mbaya usingelificha fundo lisikwaruze. Lakini ungesema yote, mzee. Ungesema 'linavuta kushoto, lipeleke kwa fundi'. Kubembeleza si maelezo."

"Nitafungwa?"

"Utaandikishwa maelezo sasa, na utaitwa wiki ijayo kuulizwa zaidi. Sitakudanganya kwamba hakuna maswali. Lakini yule mama yuko ndani kwa jambo ambalo wewe unalijua na mimi nalijua. Unataka kulisema?"

Mzee alikuwa ameshaanza kuvua aproni. "Andika. Mimi nitasema, wewe andika. Na usiniandikie vizuri."

Saa saba na nusu walikuwa gereji tena, bushi mpya ya dukani ikiwa mkononi mwa Redio. Sajini akamzuia asiende upande wa kulia.

"Badilisha hiyo moja tu. Ukigusa kingine chochote, mwanasheria atasema tatizo lilikuwa ni hicho kingine."

"Hata tairi?"

"Hata tairi. Hata usilifute vumbi."

Redio akashindilia bushi kwenye ule mkono wa chuma, akarudisha mkono mahali pake, akaingiza bolti zote mbili na kuzifunga kwa vidole tu. Kisha akafanya kitu ambacho Sajini alikuwa anakisubiri. Akalishusha gari chini, likasimama kwa miguu yake yote juu ya shimo, akaenda mbele akalikandamiza mara tatu ili likae. Ndipo akaingia shimoni na spana.

"Kwa nini sasa na si kule juu?" Sajini akauliza, kalamu ikiwa tayari. "Nieleze kama unamweleza hakimu."

"Bushi inashikwa na bolti, haizunguki. Inajipinda tu, hivi na hivi, gari likipanda na kushuka. Ukiikaza wakati gurudumu linaning'inia, umeikaza ikiwa imelala vibaya. Ukilishusha gari, tayari mpira umejipinda kabla hata hujatoka getini. Kila shimo unalokutana nalo unaendelea kuuchana." Akafikiri. "Ni kama mtu kukaza mkanda wa suruali akiwa amevuta tumbo ndani. Atapendeza, ndiyo. Lakini ipo saa atapumua."

Sajini akageuza ukurasa. "Hiyo ya mkanda nitaiandika."

"Iandike. Na jina langu."

Kazi yote ilichukua saa moja na dakika kumi, pamoja na hadithi ya mjomba wa Redio na trekta. Wakarudi uwanjani. Mstari mpya wa chokaa, kopo lile lile, tairi lile lile lenye kipara. Sajini akafunga mkanda, akavuta pumzi, akakumbuka ule mkanda wa suruali, akaitoa ile pumzi.

Arobaini. Kopo. Mikono hewani. Breki.

Gari likainama, likapiga kelele, likasimama juu ya mstari. Sajini akafungua mlango, akachungulia chini. Chokaa ilikuwa katikati ya magurudumu, imenyooka mpaka mbele ya bampa. Redio alikuwa anakuja mbio na futi, ingawa hapakuwa na cha kupima.

"Sentimita nane!" akapaza sauti. "Na hizo nane ni uwanja, si mimi!"

Mara ya pili sentimita sita. Mara ya tatu tisa. Sajini akaketi kwenye kiti cha dereva miguu nje, akagundua kwamba mabega yake, ambayo tangu asubuhi yalikuwa karibu na masikio, yameshuka yenyewe.

Akampigia Mkuu.

"Gari nimekubali," Mkuu akasema. "Limekuwa bovu miezi minne, aliyeliharibu amekiri, umelitengeneza limenyooka. Vizuri sana. Lakini bado nina mtu hospitalini anayesema alimwona kwa macho yake akimjia kwa makusudi. Macho ya mtu hayajibiwi na bushi, Sajini. Ana maneno yake kwenye jalada, na sahihi."

"Nampeleka mkunga hospitali, mkuu. Yeye na askari mmoja. Atakaa nje ya wodi."

"Kwa nini umpeleke?"

"Kwa sababu nikimaliza kuongea na shemeji yake, sitaki wao wawili wazungumze kwa simu."

Saa tisa na dakika ishirini shemeji mtu alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta mpaka juu ya goti, umeinuliwa kwa kamba. Alikuwa mtu mkubwa, aliyenuna kwa mwili mzima. Mto ulikuwa umemteleza ukawa chini ya shingo, na alikuwa anaupiga ngumi kila baada ya sentensi.

"Afande, nimeshasema. Alinikusudia. Mnataka nini kingine?"

"Nataka nione ulichoona. Ulimwona usoni?"

"Kama ninavyokuona wewe. Macho yamemtoka."

"Mikono yake ilikuwa wapi?"

"Kwenye usukani, ingekuwa wapi?"

"Inafanya nini?"

"Inavuta! Anavuta kwa nguvu zote, kiwiko kimepanda mpaka sikioni, kama mtu anayekamua blanketi. Ndiyo nikajua huyu leo ameamua."

"Anavuta kuelekea wapi?"

"Kuelekea kule." Akanyoosha mkono kwenye dirisha la wodi, kama vile barabara yao ilikuwa nje yake. "Kule kwa kinyozi."

Sajini hakuandika. "Kinyozi yuko upande gani wa barabara?"

"Si ng'ambo. Kila mtu anajua."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi nilikuwa getini kwa..."

Hakumaliza. Mkono wake ulibaki hewani, umeelekea kwa kinyozi. Kwenye kitanda cha jirani mgonjwa aliyekuwa anajifanya amelala akafungua jicho moja.

"Alikuwa anavuta kwenda ng'ambo," shemeji akasema polepole.

"Ndiyo."

"Alinikimbia... alikuwa ananikwepa."

"Kwa nguvu zote. Umesema mwenyewe. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, kiwiko sikioni." Sajini akaweka picha kitandani moja baada ya nyingine, kipande cha tairi, mstari wa chokaa wa kwanza, mstari wa pili, na akamweleza kila moja kwa sentensi moja. "Gari lilikuja kwako. Yeye alikuwa anaenda kwa kinyozi."

Yule mtu mkubwa akazitazama picha muda mrefu. Mnuno ulimtoka kidogo kidogo, ukianzia kwenye paji la uso. Ulipoisha, alionekana mdogo kuliko kitanda.

"Siku mbili nimelala hapa," akasema, "nikijiuliza nimemfanyia nini yule mama mpaka anichukie kiasi cha kuniua. Aliwapokea watoto wangu wote wanne kwa mikono yake. Mguu unauma, afande. Lakini hilo liliuma zaidi." Akapangusa uso kwa kiganja. "Lete hiyo karatasi."

Sajini akaandika maelezo mapya, akamsomea, akampa kalamu. Sahihi ilikuwa imepinda kwa sababu ya mto, lakini ilikuwa sahihi. Muuguzi wa zamu akashuhudia.

"Yuko wapi?" shemeji akauliza.

"Mlangoni."

"Kwa nini mmemsimamisha mlangoni?"

Mkunga akaingia na askari nyuma yake. Gauni lake lilikuwa na mikunjo ya siku mbili na hakuwa na kitenge chake kizuri, lakini alitembea kama anayejua wodi. Akasimama miguuni pa kitanda, akatazama plasta, akatazama kamba, akatazama jinsi kidole kikubwa cha mguu kilivyokuwa na rangi. Kisha akatazama uso.

"Shemeji," yule mtu akasema, na sauti ikamkatikia hapo hapo.

Mkunga akazunguka kitanda, akakunja mikono ya gauni.

"Inua kichwa."

"Shemeji, mimi nilidhani..."

"Inua kichwa, nimesema. Utalia baadaye, shingo kwanza."

Akainua. Mkunga akauvuta mto, akaupiga mara mbili, akaukunja kwa namna yake, akauweka. Yule mtu akashusha kichwa taratibu, akafumba macho, na pumzi iliyomtoka ilisikika mpaka kitanda cha tatu. Mkono wa mkunga ukabaki kwenye paji lake. Ungedhani anapima homa.

Sajini akatoka ukumbini. Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika nane. Akapiga simu.

"Mkuu, usipeleke jalada. Shemeji mtu amebadilisha maelezo. Ninayo hapa, yamesainiwa na kushuhudiwa."

Mkuu akashusha pumzi, na nyuma yake kiti kikalia. "Vizuri, Sajini. Vizuri sana. Basi natuma gari lije kumchukua mkunga, aje asaini vitu vyake, aende nyumbani."

Sajini akachungulia wodini kupitia kioo cha mlango. Mkunga alikuwa amevuta kiti, amelegeza kamba ya plasta kidogo, na alikuwa anamgombeza muuguzi kwa sauti ya chini kuhusu mahali pa kuweka goti. Yule askari wake alikuwa amepewa ashike glasi ya maji.

"Usitume mtu, mkuu."

"Kwa nini?"

"Ana mgonjwa."